Mwavuli

Simu yangu ina namba 900 na ushei, na nusu yake ni za watu nisiowajua. Yupo "Yule wa Basi". Yupo "Mama Pacha", nami sikumbuki hao pacha ni wa nani. Zamani mtu mliyekutana mara moja alipotea kwa heshima zake. Siku hizi hapotei ng'o. Unaona harusi yake, mtoto anaota meno, na bado hujui jina lake.

Juzi jioni ikaingia meseji kutoka kwa "Mwavuli".

"Ndugu yangu! Umeadimika!"

Mwavuli? Nikafungua picha yake: mtoto mchanga amelala. Sasa mtoto mchanga nitamtambulia wapi? Nikajibu kwa moyo mkunjufu wa mtu asiyejua anaongea na nani. "Aisee! Maisha tu. Nyumbani hawajambo?" Nyumbani ni salama, kila mtu ana nyumbani. Akajibu, nikacheka kwa maandishi, akacheka, tukaendelea hivyo dakika kumi. Uongo mtupu.

Nikaona nimuulize dada, yeye hasahau sura ya mtu. Nikapiga picha ya skrini, nikaandika chini yake: "Dada, huyu Mwavuli ni nani? Kaning'ang'ania kama kupe."

Nikatuma. Kwa Mwavuli.

Jasho likanitoka mpaka kwenye visigino. Haya, WhatsApp inaruhusu kufuta ujumbe kwa wote tangu 2017, kwa nini nife? Nikabonyeza haraka, vidole vinatetemeka. Picha ikatoweka. Nikashusha pumzi. Kumbe nimebonyeza "Futa kwangu". Kwangu mimi! Yaani kwake ipo inang'aa, mimi ndiye nisiyeiona, wala siwezi tena kuifuta. Kitufe cha kutengua kilikuwepo sekunde chache, nazo nilizitumia kushusha pumzi.

"Anaandika..." Ikakatika. "Anaandika..." Ikakatika tena. Nikaiweka simu kifudifudi kama karata mbaya.

Ilipolia, nilisoma kwa jicho moja.

"Mwavuli si mimi, ndugu yangu. Mwavuli ni ule niliokuazima siku ile ya semina, ukasema unaandika namba yangu usije ukasahau kuurudisha. Ndio ninaoung'ang'ania."

Nikageuka, nikachungulia nyuma ya mlango.

Upo.