Kariye na hoja ya wakfu isiyosikilizwa

Tarehe 6 Mei 2024, Rais Recep Tayyip Erdoğan alilifungua tena kwa swala jengo la Kariye, kanisa la kale lililowahi kuwa msikiti kisha makumbusho, lililo karibu na kuta za kale za Istanbul, na lawama zilizotolewa mwaka 2020, Hagia Sophia, kanisa kuu la kale la mji huo, ilipogeuzwa tena kutoka makumbusho kuwa msikiti, zikarudi: kwamba Uturuki inawanyang'anya walimwengu hazina yao. Lawama hizo zina uzito. Michoro ya Kariye, aliyoigharimia waziri Theodore Metochites kati ya mwaka 1315 na 1321 hivi, ni miongoni mwa kazi bora kabisa zilizobaki za Bizanti, dola ya Kikristo iliyokuwa na makao yake Istanbul kabla ya Waturuki kuuteka mji, na aliyewahi kumtazama Kristo akiwavuta Adamu na Hawa kutoka makaburini mwao haoni ajabu watu wakiionea uchungu.

Hata hivyo, hoja ya upande wa pili husomwa kama siasa tupu, na hapo ndipo haki inapokosekana. Atik Ali Pasha, waziri wa Sultani Bayezid II, aliligeuza kanisa hilo kuwa msikiti mwanzoni mwa karne ya 16, na likaswaliwa kwa zaidi ya miaka 400 kabla serikali haijaamua mwaka 1945 kulifanya makumbusho. Mahakama kuu ya kiutawala, ilipoutengua uamuzi huo Novemba 2019, ilishikilia kwamba mali ya wakfu haina matumizi mengine ila yale iliyowekewa. Msomaji wa Unguja au Lamu hahitaji kufafanuliwa jambo hilo: cha wakfu hakiuzwi, hakirithiwi, wala mtawala hakigeuzi apendavyo. Mkristo wa Kiorthodoksi atauliza kama kilichopatikana kwa kuuteka mji kinaweza kuwekwa wakfu, na swali lake ni zito; lakini makumbusho hayakulijibu, kwani yaliwatoa Waislamu bila kuwarudisha Wakristo.

Linalosahauliwa zaidi ni ramani ya jengo lenyewe. Sehemu kubwa ya michoro haimo katika ukumbi wa swala. Imo katika kumbi mbili za mbele na katika kanisa dogo la ubavuni. Ndani ya ukumbi mkuu imebaki mitatu tu: kulala kwa Bikira Maria juu ya mlango, na picha ya Kristo na ya mama yake katika nguzo mbili za upande wa mashariki, nayo hufunikwa kwa mapazia. Mpangilio wa mafundi wa Bizanti wenyewe, kwa hiyo, unaruhusu mwenye kuswali na mwenye kutazama wasikwazane, jambo ambalo katika Hagia Sophia ni gumu zaidi.

Kiingilio cha yuro 20 kwa wageni ndicho kinachonitatiza, kwa sababu anayejitetea kwa wakfu hapaswi kuufanya mlango wa msikiti kuwa chanzo cha mapato. Juu ya mlango huohuo wa kuingilia ukumbi wa swala, Metochites bado amepiga magoti, kilemba kikubwa kichwani, akimkabidhi Kristo jengo hilo, na kila anayekwenda kuswali hupita chini yake.