Kumbikumbi Hawangoji Lenzi ya Dola 1,000

Mvua ya kwanza ya maana ilipotuangukia Katuba, hapa Lubumbashi, mwaka jana, udongo ulikuwa bado na joto la mchana. Haikupita nusu saa tangu matone ya mwisho, pembeni mwa lupango yetu, yaani uwanja wa nyumba, pale ukuta unapokutana na robine ya maji, ardhi ikafunguka vitundu na inswa wakaanza kumiminika. Kumbikumbi, kama wanavyowaita wengine. Watoto wakakimbilia beseni na taa, maana inswa wa kukaanga hawana mpinzani mbele ya bukari, ugali wetu. Mimi nikakimbilia kamera, nikalala kifudifudi kwenye tope.

Mmoja alipanda juu ya jani la muhogo lililodondoka. Kwenye kidirisha cha kamera alijaa pembe hadi pembe. Akajizungusha mara mbili, akabana mwili, na bawa la kwanza likadondoka. Halikung'oka ovyo. Mabawa ya kumbikumbi yana mstari mwembamba karibu na shina, na hapo ndipo yanapokatika, kama karatasi iliyokunjwa kwanza kabla ya kuchanwa. Likafuata la pili, la tatu, la nne, na mgongoni vikabaki vigutu vinne vidogo kama kucha za mtoto mchanga. Shughuli yote haikumaliza sekunde kumi. Nina picha zake sita, na nne kati yake zimekamata pale pale kwenye kigutu.

Lenzi iliyofanya kazi hiyo ni TTArtisan ya milimita 40, f/2.8, ya kuzungusha kwa mkono, isiyozungumza na kamera kwa lolote. Ilipotoka, bei yake ilikuwa karibu dola 100. Mwenzangu ninayepiga naye harusi alikuwa amelala hatua mbili kutoka nilipo, na lenzi ya bei mara kumi inayojitafutia fokasi yenyewe. Ilitafuta kweli: ikaenda mbele, ikarudi nyuma, ikashika jani, ikashika tope, ikaachia. Alipoinuka hakuwa na picha hata moja ya bawa likidondoka.

Nasimulia haya kwa sababu vijana wengi wa mji huu wananiuliza swali moja, wakiniita yaya kama mkubwa wao: "Yaya, nikusanye dola ngapi ndiyo nianze makro?" Wameiona lenzi ya Sony ya milimita 90, wamekuta bei yake inazunguka dola 1,000, wakakata tamaa au, vibaya zaidi, wakaanza kukopa. Nawaambia kwa moyo wote: msikope. Kwa makro, yaani picha za vitu vidogo, lenzi ya mkono ya bei nafuu si kitu cha kushikilia huku unasubiri kingine. Ni chombo kamili cha kazi, na kwa mtu anayejifunza naiona bora kuliko ile ya bei kubwa.

Sababu iko kwenye vipimo. Tunaposema lenzi inafika 1:1, maana yake kitu cha milimita 10 kinatua kwenye sensa, kile kipande kinachopokea picha ndani ya kamera, kikiwa na milimita 10 zile zile. Sensa ya ukubwa unaoitwa APS-C ina upana wa milimita 23 hivi, kwa hiyo mdudu mwenye urefu wa kucha ya kidole gumba anakaribia kuijaza yote. Hapo, hata ukifunga tundu la lenzi hadi f/8 (namba ikikua, tundu linakuwa dogo), unene wa sehemu inayoonekana wazi haufiki milimita moja. Kwa hesabu ya kawaida ni karibu 0.6. Pumzi yako peke yake inakusogeza zaidi ya hapo. Fokasi ya kujiendesha inapima, inasukuma vioo vyake, na inapofika wewe umeshasogea na mdudu ameshasogea. Kinachofaa ni njia ya zamani: unazungusha pete mpaka upate ukubwa unaoutaka, huigusi tena, halafu unasogeza mwili wako wote taratibu, mbele na nyuma, hadi jicho la mdudu lijitokeze. Ukishazoea hivyo, ile mota uliyoilipia mamia ya dola inakaa bure ndani ya lenzi.

Kamera zisizo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless) ndizo zilizoirudishia njia hiyo uhai. Kwenye kamera za kioo, ukifunga tundu la lenzi kwa mkono, kidirisha kinaingia giza na huoni unachofanya. Hizi mpya zinaongeza mwanga wa skrini zenyewe, zinakuza sehemu unayoitaka, na zinapaka rangi kingo za kitu kilichokaa kwenye fokasi. Rangi hiyo mimi naiweka njano. Nyekundu inapotea kwenye udongo wetu, na nimeona watu wakipoteza asubuhi nzima kwa sababu hiyo tu. Tena iwekeni kwenye kiwango cha chini kabisa, kwa sababu ikiwa juu inapaka hata pasipostahili.

Kuna jambo moja dogo linalowakwaza wanaoanza. Kamera haijui kwamba lenzi ya namna hii imefungwa, kwa hiyo inagoma kupiga. Vijana wawili wameniletea kamera "zilizokufa" ambazo hazikuwa na ugonjwa wowote. Ingia kwenye menyu, ruhusu kupiga bila lenzi, basi. Na kama kamera yako ina kituliza mtikisiko ndani yake, iambie mwenyewe urefu wa fokasi wa lenzi, 40 au 60 au wowote ule, kwa maana haiwezi kuusoma.

Hata dola 100 kwa wengine ni nyingi, nafahamu. Basi tazama lenzi za zamani. Lenzi ya Nikon F ilitengenezwa ikae milimita 46.5 kutoka kwenye filamu. Mdomo wa Sony E, pale lenzi inapofungwa, uko milimita 18 tu kutoka kwenye sensa, wa Fujifilm X ni 17.7, wa Nikon Z ni 16. Ile nafasi inayobaki ndimo inamokaa adapta, na adapta hiyo ni bomba tupu la chuma, halina kioo ndani, ndiyo maana ni rahisi na haiharibu picha. Micro-Nikkor ya milimita 55 iliyotumika kwenye kamera za filamu inaingia hivyo na kufika nusu ya ukubwa halisi bila kuongeza chochote. Na ikiwa una lenzi ya kawaida ya milimita 50, ukiiongezea pete za urefu, zile pete tupu za kuisogeza mbali na sensa, zinazofika jumla ya milimita 50, imekuwa 1:1. Hesabu ni hiyo tu.

Lakini kwenye vitu vya mkono wa pili, macho yawe wazi. Katikati ya masika niliwahi kununua lenzi kuukuu kwa mtu niliyemwamini, nikaiangalia juani, ikang'aa. Nyumbani usiku umeme ulikatika, nikawasha tochi, na mwanga wake ukapita ndani ya kioo kwa pembeni. Nikaona nyuzi nyeupe zimetambaa kutoka ukingoni, nyembamba kuliko utando wa buibui. Kuvu. Picha zake zote zilikuwa na ukungu wa maziwa, na hela haikurudi. Tangu siku ile sinunui kioo bila kukipitishia tochi kutoka nyuma, hata muuzaji akinuna. Na lenzi zangu zinalala kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Kiangazi kinapoingia mwezi wa tano adui anakuwa vumbi jekundu, na kopo lile lile linafaa.

Hela utakayookoa ipeleke kwenye mwanga. Hapa ndipo naona wengi wanakosea, hata wenye vifaa vya thamani. Lenzi ya kawaida inapofika 1:1, f/8 iliyoandikwa kwenye pete inafanya kazi kama f/16, maana robo tu ya mwanga ndiyo inayofika. Unajikuta unapandisha ISO, wepesi wa kamera kuhisi mwanga, mpaka picha inajaa chenga, au unapunguza kasi mpaka inatikisika. Na usijaribu kujiokoa kwa kufunga tundu hadi f/16, kwa sababu hapo ni kama f/32 na picha nzima inalainika kama imepakwa mafuta. Mimi sipiti f/11.

Dawa ni flashi ndogo ya kuweka nguvu kwa mkono, na kitu cheupe cha kulainisha mwanga wake. Changu nimekikata kutoka bidoni nyeupe ya lita tano, nikabandika ndani karatasi nyeupe ya kufungia, nikakitoboa tundu la kupitisha lenzi ili mwanga umfunike mdudu kutoka juu kama mwavuli. Kinapasuka kila baada ya miezi michache, nakata kingine. Flashi ikiwa kwenye nguvu ndogo, mwako wake ni mfupi kiasi kwamba mtikisiko wa mkono hauonekani tena kwenye picha. Ukumbuke tu kurudisha shata ya kawaida, kwa sababu kwenye kamera nyingi ile ya kimya haiwashi flashi.

Lenzi hizi zina mipaka, na mtu asiwafiche. Zinazojiendesha zinaweza kupiga mfululizo wa picha zikihamisha fokasi hatua kwa hatua, ukaziunganisha baadaye kwenye kompyuta. Ya mkono itakubidi uizungushe mwenyewe kila hatua. Ile ya milimita 40, ikiwa kwenye 1:1, inabakiza sentimita chache tu kati ya kioo na mdudu, na kereng'ende hatakungoja ufike huko. Kwa hao chukua ndefu zaidi, kama 7artisans ya milimita 60. Ninayoitamani mimi ni Laowa ya milimita 65 inayofika mara mbili ya ukubwa halisi. Iko karibu dola 400, na naikusanyia polepole, bila deni.

Mji wetu unajua picha. Mwaka 2008 wasanii wa hapa, Sammy Baloji akiwa mmoja wao, walianzisha chama kiitwacho Picha, na kutoka hapo tukapata Bienale ya Lubumbashi, maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili. Dunia imeona kupitia kwao migodi, kile kilima cheusi cha takataka za shaba, mumbunda (bomba refu la moshi la kiwanda cha shaba), reli na watu wake. Vitu vidogo bado vinangoja macho yetu.

Malakiti, lile jiwe la kijani, kwa mfano. Kila mtu hapa amewahi kushika yai la malakiti au mkufu wake. Nilimwomba mzee mmoja anayeyachonga aniazime kipande alichokuwa amekisugua mpaka kikawa kioo. Nikakiweka kwenye kitambaa cheusi, nikauingiza mwanga kwa ubavu kupitia karatasi, kwa sababu ukiumulika uso wake ana kwa ana unapata doa jeupe tu. Pete ya kijani ambayo kwa jicho ni mstari mmoja ilijifungua ikawa mistari mingi myembamba kama nywele, mingine ya kijani kibichi, mingine inayokaribia nyeusi, kila mmoja tabaka lililoganda wakati wake. Na kati ya tabaka mbili kulikuwa na nyuzinyuzi zilizotawanyika kama ncha za ufagio. Nikamgeuzia skrini. Akanyamaza kitambo, halafu akasema, "Miaka yote naikata hii jiwe, sijaona ivi." Akaniambia nirudi na vipande vingine vitatu alivyokuwa ameviweka kando, visivyouzwa.

Halafu kuna ua la shaba. Wataalamu wanaliita Haumaniastrum katangense, mmea mfupi, ndugu wa mrihani, unaopenda udongo wenye shaba ambao mimea mingi inaukimbia. Watafuta madini walikuwa wakilifuata, na hata wanaakiolojia wamelitumia kutambua mahali ambapo wazee wetu waliyeyusha shaba zamani sana, kabla ya tanuru ya kiwanda kuwashwa hapa mwaka 1911. Watu wanapita juu yake kila siku. Vichwa vyake vya maua ni vidogo, ukisimama huoni kitu. Ukipiga magoti na lenzi ya makro unakuta midomo midogo ya zambarau, na chini ya kila mdomo vinyweleo vinavyoshika umande.

Huna haja ya kuingia kwenye eneo la mgodi kulitafuta, na usiingie. Kando ya mji, kule ambako moshi wa mumbunda uliielemea ardhi kwa miaka mingi hadi miti ikaisha, linajiotea lenyewe. Masika yakielekea kuisha nitakuwa huko kila Jumamosi kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla upepo haujaamka. Mwenye kamera ya mdomo wa Sony E na asiye na lenzi aje tu. Ya milimita 40 tutapokezana.