Nguzo ya Kale Iliyoanguka: Kuisimamisha au Kuiacha?

Mjadala wa kusimamisha upya nguzo za kale unaweza kuonekana kuwa wa Wagiriki na Waturuki peke yao, lakini unatuhusu sana sisi wa Nyanda za Juu Kusini. Isimila, kilomita 20 hivi kutoka Iringa mjini kwa barabara ya Mbeya, tuna nguzo ndefu zilizochongwa na mvua na kijito. Kalenga tuna mahali palipokuwa na ngome ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, iliyotekwa na kubomolewa na Wajerumani mwishoni mwa Oktoba 1894. Utalii unapozungumzwa mkoani, wazo la kurudishia kilichoanguka huwa haliko mbali, na si wazo la kudharau.

Nguzo iliyolala chini haiko salama kwa sababu tu haijaguswa. Unyevu wa ardhi huingia ndani ya jiwe, mizizi hupanua nyufa, na watu huyachukua mawe kwenda kujengea. Tena mgeni anayeona vipande vilivyotapakaa hawezi kuupata urefu wa jengo wala ustadi wa waliolijenga. Huko Efeso, nchini Uturuki, sehemu ya mbele ya Maktaba ya Celsus ilisimamishwa upya katika miaka ya 1970 kwa kutumia mawe yake mengi yaliyofukuliwa, na leo hata mtoto wa shule anaweza kuisoma kwa macho. Ipo pia hoja ya haki. Mnara wa Aksum, wenye urefu wa mita 24 hivi, ulichukuliwa na Italia, ukarudishwa Ethiopia mwaka 2005 na kusimamishwa mwaka 2008. Sisi ambao wazee wetu walilipokea mwaka 1954 fuvu la Mkwawa lililokuwa limechukuliwa na Wajerumani hatuhitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo.

Hata hivyo, madhara ya ukarabati wa pupa yameonekana wazi zaidi pale Athens. Kuanzia mwaka 1898, mhandisi Nikolaos Balanos alisimamia kwa miongo kadhaa ukarabati wa hekalu la Parthenon, na katika miaka ya 1920 akasimamisha upya safu ya nguzo za upande wa kaskazini. Watu walifurahi. Lakini mafundi wa kale walikuwa wamevizungushia madini ya risasi vyuma vya kuunganishia mawe ili visipate kutu, ilhali vyuma vya Balanos viliachwa bila kinga hiyo. Vikapata kutu, vikavimba, na vikaipasua marumaru kutoka ndani. Tena baadhi ya mawe yaliwekwa mahali ambapo hayakuwahi kuwa. Tangu mwaka 1975, kamati ya wataalamu imekuwa ikisimamia kazi ya kufungua kilichofungwa, kutafuta mahali halisi pa kila jiwe, na kuunganisha upya kwa metali ya titani, ambayo haishiki kutu. Kazi iliyokusudiwa kuokoa imedai uokoaji wa pili, wa gharama kubwa na wa miaka mingi kuliko wa kwanza.

Hati ya Venice ya mwaka 1964, mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, iliweka mpaka ambao mimi nauona kuwa wa haki: ujenzi mpya hauruhusiwi, ila kuyarudisha mahali pake mawe yenyewe yaliyotengana kunaweza kukubaliwa, kiungo kipya kitambulike kuwa ni kipya, na kazi ikome pale makisio yanapoanza. Anayeona kwamba mpaka huu ni wa kizungu mno na aitazame Kilwa Kisiwani. Upanuzi wa Msikiti Mkuu wa karne ya 14 ulisimama juu ya nguzo za matumbawe, kila moja ikiwa ya jiwe zima. Paa likaanguka, na katika karne ya 15 wenyeji wakajenga nguzo nyingine za pembe nane kwa mawe madogo na chokaa. Je, tukiamua kurudisha msikiti ule, tuurudishe wa karne gani? Kuchagua moja ni kuifuta nyingine, na kuifuta ni kuwanyang'anya watu wa Kilwa historia ya kujikarabatia wenyewe.

Kwa kipimo hicho, Isimila haina mjadala mrefu. Nguzo zake hazikujengwa, kwa hiyo zikianguka hakuna jiwe la kurudishwa mahali pake, na kuzishikiza kwa saruji kungeweka kitu kigumu dhidi ya tabaka laini ambalo lingeendelea kumomonyoka pembeni yake. Ugumu wa pale ni mwingine: maji yanayozila nguzo ndiyo pia yanayofunua mashoka ya mawe ya watu wa kale ambayo timu ya mwanaakiolojia Clark Howell iliyachimba mwaka 1957 na 1958. Kuyazuia maji kabisa si busara, lakini kuyageuza yasipite kwenye njia za wageni, na kuwaondoa watu chini ya kingo dhaifu, kunawezekana.

Kalenga ndiko moyo unakovutwa, na ndiko ninakosita zaidi. Ukuta mpya ungewapendeza wengi, nami ningefurahi kuuona, lakini kama hatuna mawe yake wala vipimo vya uhakika, tutakachosimamisha kitakuwa ngome yetu, si ya Mkwawa. Ni afadhali fedha za kwanza zipime na kuchora kila alama ya msingi iliyobaki, zioneshe mstari wa ukuta ardhini kwa mawe ya rangi tofauti, na mfano mdogo wa ngome uwekwe ndani ya makumbusho, ambako unaweza kusahihishwa utafiti ukileta jipya. Upimaji huo hauhitaji kungoja mfadhili mkubwa, na unafaa ufanyike kiangazi, kabla mvua za Desemba hazijaotesha nyasi juu ya misingi.