Shule ya kimataifa inampa mtoto nini, na inamnyima nini

Mzazi anayekwenda kuulizia nafasi katika shule ya kimataifa Dar es Salaam hutembezwa kwa mpangilio unaofanana karibu kila mahali: bwawa la kuogelea, maktaba, maabara, uwanja wa nyasi, ndipo anapoingizwa ofisi ya udahili. Ada hutajwa mwisho, mgeni akiwa ameshalainika. Sisi tuliwahamisha watoto wawili Agosti hii kutoka shule ya inglishi midiamu iliyofuata mtaala wa Tanzania, na muhula wa kwanza haujaisha. Ni mapema kutoa hukumu. Ila yapo mambo ambayo mzazi huyaona vizuri akiwa bado mgeni, na akishazoea hayaoni tena.

Nianze na lililonigusa. Wiki moja mdogo wetu alirudi na kazi ya nyumbani moja tu: achunguze maji tunayotumia yanatoka wapi. Kule alikotoka angeandika kwamba vyanzo vya maji ni mito, maziwa, visima na mvua, angewekewa vema, na somo lingeishia hapo. Safari hii ilibidi asome mita ya maji ya DAWASA, amhoji dereva wa boza, aulize kwa nini maji ya kisima cha jirani yana chumvi, kisha autafute mto Ruvu kwenye ramani. Mwalimu hakuweka vema. Aliandika swali: umejuaje kama dereva wa boza amesema kweli? Mtoto wa miaka minane alikaa na swali hilo jioni nzima, na mimi nilikaa nalo zaidi yake.

Darasa lake lina watoto ishirini na kidogo, pamoja na mwalimu na msaidizi wake. Kiwango kilichowekwa kwa shule zetu za msingi za serikali ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, na kila mtu anajua kuna madarasa yanayozidi hapo mara mbili. Mwalimu wa aina hiyo, hata awe na moyo kiasi gani, hawezi kumfuatilia kila mtoto kwa swali lake. Pia hakuna fimbo. Kanuni zetu za mwaka 2002 bado zinamruhusu mkuu wa shule kuchapa viboko visivyozidi vinne, na sote tuliosoma hapa tunajua hesabu hiyo ilivyoheshimiwa. Mkubwa wetu aliniambia, kama mtu anayetoa taarifa ya hali ya hewa, kwamba siku hizi akikosea anamwambia mwalimu.

Shemeji yangu, mwalimu wa sekondari ya serikali Morogoro, hakubabaishwa na hayo. Alipoiona ripoti ya katikati ya muhula aliigeuza nyuma na mbele. “Mnalipa mamilioni yote haya, halafu hata hamjui mtoto amekuwa wa ngapi?” Kuhusu nafasi simuungi mkono, hata Baraza la Mitihani (NECTA) liliacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023. Lakini chini ya swali lake kuna hoja ambayo wazazi wa shule hizi huiruka. Mkubwa amekuta wenzake wanafanya hesabu alizozimaliza kitambo, tena yeye anazifanya kichwani. Majaribio ya kila Ijumaa yaliyokuwa yakimtoa jasho yalimjengea wepesi ambao mradi wa kubandika picha ukutani haujengi. Na ripoti iliyojaa sifa laini, “anaendelea vizuri”, “anaonyesha ari”, inaweza kumficha mtoto anayezama mpaka amechelewa kuokolewa.

Kisha kuna watu wenyewe. Walimu wakuu wa madarasa wengi ni wageni wenye mikataba ya miaka michache. Mtoto akimzoea mmoja, Juni anaaga. Watanzania watoto wanaowaona kila siku ni wasaidizi wa walimu, madereva, wapishi, walinzi. Hakuna anayetamka lolote kuhusu mpangilio huo, na ndiyo maana mtoto anaumeza mzima. Asubuhi moja mdogo alimpita mzee wa getini akisema “Hi!” Mzee akajibu “Marahaba, mwanangu,” kwa upole, kama vile ameamkiwa. Niliona aibu. Nilimrudisha mtoto akaamkie upya. Hilo silitupii shule peke yake, kwa sababu adabu ni kazi ya nyumbani, lakini shule walikotoka ilinisaidia kuifanya na hii hainisaidii.

Jambo zito zaidi halionekani kabisa siku ya kutembezwa, nalo ni namna ya kutoka. Kalenda yao huanza Agosti na kuisha Juni, ya kwetu huanza Januari. Anayerudi katikati anapoteza nusu mwaka au anarukia asichosoma. Akitoka akiwa sekondari, mfumo unamuuliza matokeo ya Upimaji wa Kidato cha Pili ambao hakuufanya. Akimaliza A-level ya Cambridge, mitihani ya Uingereza, au diploma ya IB, mtaala wa kimataifa wa sekondari ya juu, na akataka kusoma chuo kikuu hapa, vyeti vyake vinapelekwa kwanza NECTA vilinganishwe na vyetu. Njia ipo na wengi wameipita, ila ni njia ya mtu aliyepanga mapema. Na fedha: ada za shule za daraja la juu kabisa, kwa madarasa ya sekondari, hupita dola 20,000 kwa mwaka. Tangu kanuni za fedha za kigeni za mwaka 2025 bei inatakiwa kuandikwa kwa shilingi, jambo jema, ingawa tarakimu ndiyo imezidi kutisha. Kazi ya mzazi ikiyumba mtoto akiwa na miaka 15, hapo ndipo atakapojua alisaini nini.

Tena neno “kimataifa” kwenye kibao halithibitishi lolote. Zipo shule zinazojiita hivyo zikifundisha mtaala uleule wa Tanzania kwa sare nzuri zaidi. Cambridge na IB huorodhesha mtandaoni shule walizozipa idhini; ni dakika tano za kuangalia kabla ya kulipa ada ya kujiunga, ambayo mara nyingi hairudishwi.

Kwa familia isiyo na uhakika wa kulipa mpaka mtoto amalize, ningesema wazi: tafuteni inglishi midiamu nzuri yenye walimu wanaodumu, na tofauti ya ada iende kwenye vitabu na safari. Sisi tumeamua kubaki, kwa sababu ya lile swali la boza na mengine ya namna yake. Mkubwa anaendelea na kitabu chake cha zamani cha hesabu kila Jumamosi, kwa kununa. Kiswahili chao tunakisimamia nyumbani, maana shuleni kina vipindi viwili kwa wiki na Kifaransa kina vinne. Nimemwandikia mratibu wa mtaala kuuliza kwa nini. Amejibu kwa adabu sana kwamba suala hilo litajadiliwa mwakani.