Pikipiki Yangu ya Mtu wa Kahama

Jamani, nina pikipiki. Boxer nyekundu. Kila asubuhi naipanda kutoka Ujiji kwenda Mwanga, hapa hapa Kigoma, watoto wa mtaani wanapiga kelele, "Baba Zawadi huyooo!" Mtaa mzima unajua ni yangu. Kadi tu ndiyo haijui.

Kadi inasema ni ya mtu wa Kahama.

Niliinunua kwa shemeji, kaka yake mama Zawadi, kwa milioni moja na laki nne. Na biashara ya shemeji mnaijua. Ukikagua sana humwamini, ukiomba punguzo unakumbushwa mahari hujamaliza. Nikauliza kwa upole, "Shemeji, kadi vipi?" Akajibu, "Kadi ipo, shemeji." Na kweli ipo. Kosa langu sikuuliza ipo kwa jina la nani.

Kumbe yeye aliinunua kwa fundi wa Kasulu, fundi aliinunua kwa mchuuzi wa mahindi, mchuuzi ndiye aliyeitoa kwa mtu wa Kahama. Msururu wote huo, hakuna aliyehangaika kubadilisha jina. Mkataba niliopewa umeandikwa kwenye karatasi ya daftari la mtoto. Ukiugeuza nyuma unakuta jedwali la saba, na saba mara nane wamekosea.

Nikaenda kuulizia gharama. Kuhamisha umiliki wa pikipiki 27,000. Sawa. Kadi mpya 10,000. Haya. Ushuru wa stempu asilimia 1 ya thamani, kwa yangu ikaja 14,000. Jumla 51,000. Nikajipiga kifua, kumbe ndiyo hiyo tu wanayotutishia? Nikanunua na soda.

Soda ile naijutia mpaka leo.

Maana lile karatasi la jedwali la saba halitakiwi. Unatakiwa mkataba wa kueleweka, wenye muhuri wa wakili, na muhuri wa wakili haugongwi kwa salamu. TIN yenyewe, namba ya mlipakodi, ni bure, tusiwasingizie, ila kijana wa steshenari anayekujazia si bure, na kila nikikosea herufi ananiambia, "Mzee, hapo tunaprinti upya." Halafu mtandao ukisumbua unarudi kesho, na kesho ina nauli yake. (Ndiyo, nauli. Pikipiki nimeiacha nyumbani, naogopa kusimamishwa nayo kabla haijawa yangu.)

Siku ya kunukuu namba ya chesisi nilipiga magoti uani, tochi ya simu mdomoni, nafuta grisi shingoni mwa pikipiki kwa kipande cha kanga. Kuna alama pale, sijui ni 8, sijui ni B. Nikaipapasa kwa kidole kama mganga. Mama Zawadi akatoka jikoni, akanitazama, "Unaisomea dua?" Sikumjibu. Kanga yenyewe ilikuwa yake.

Tukaangalia namba ya usajili kama ina deni. Ikatema faini tatu! Mbili za kofia ngumu, moja ya kupakia mshikaki. Mimi huyu, sijawahi kupakia hata wawili! Mzee mmoja wa kijiweni akanipoza, "Deni linafuata namba, mdogo wangu, halifuati makalio." Shukuru Mungu bajeti ya 2021 iliishusha faini ya bodaboda kutoka 30,000 hadi 10,000, la sivyo ningeuza tairi la nyuma nilipe.

Na hasira zikinipanda naitazama MV Liemba. Wajerumani waliishusha ziwani 1915, wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiopoa 1924, na 1927 ikarudi kazini na jina jipya. Meli nzima! Nioneshe Mwingereza aliyekwenda Berlin kutafuta sahihi ya mwuzaji.

Mimi sahihi ninayotakiwa kuileta, ya mwenye jina kwenye kadi, iko Kahama. Namba yake ya simu niliipata baada ya wiki tatu za kuulizana, fundi kwa mchuuzi. Nikampigia, nikajieleza. Kimya. Kisha akasema taratibu, "Ile nyekundu? Inayogoma asubuhi?"

"Bado inagoma, kaka."

Weee! Akanifundisha namna ya kuiwasha kwa dakika ishirini, salio langu. Vuta choki, piga kiki mbili za uongo, ya tatu ndiyo ya kweli. Nilijaribu, inakubali. Sahihi atanipa bila senti, ila akakohoa kidogo, "Kigoma si ndiko kwenye mawese?"

Jana nimepeleka dumu la lita 5 kwenye basi la Kahama. Binti wa vifurushi kashika kalamu, "Mzigo jina la mwenyewe nani?"

Nikamwambia, dada, andika la shemeji.