Mwacheni Tom na Sauti Yake

Wiki iliyopita mwanangu alinionyesha kwenye simu kipande cha katuni ya paka Tom na panya Jerry, ninayoijua tangu utotoni. Tom yuko mbele, kundi la mbwa nyuma yake, mguu niponye! Picha ni zile zile, ila sauti imefutwa na juu yake ukabandikwa wimbo wa dansi unaovuma sasa. Mtoto alicheka sana. Mimi iliniuma.

Filamu yenyewe inaitwa Puttin' on the Dog, ya mwaka 1944, kazi ya William Hanna na Joseph Barbera kwa studio ya MGM. Haifiki hata dakika nane. Jerry anakimbilia katika ua wanamofungiwa mbwa wasio na wenyewe. Tom akitia mguu tu, anatimuliwa. Basi anatafuta kichwa cha mbwa bandia, anakivaa, anajichanganya na maadui zake.

Baadaye kichwa kinamtoka, na hapo ndipo penye utamu. Jerry yumo ndani ya kile kichwa, miguu yake midogo tu ndiyo inayoonekana chini. Kichwa cha mbwa kinajiendea chenyewe uani! Scott Bradley, mtunzi wa muziki wa filamu hiyo, alipofika hapo aliona muziki wa kawaida haufai. Akachukua mtindo wa Arnold Schoenberg, mtunzi kutoka Austria: noti zote 12 zinapigwa kwa zamu, hakuna hata moja iliyo “nyumbani”, yaani pale sikio lilipozoea kutulia. Schoenberg mwenyewe alikuwa akiishi Los Angeles miaka hiyo, baada ya kuwakimbia Wanazi. Jicho linaona kichwa kisicho na mwili, na sikio nalo halina pa kushika. Watu wazima waliukimbia muziki huo kwenye kumbi za heshima. Watoto waliumeza wakicheka. Ukiufuta, umefuta nusu ya kichekesho.

Na yale mayowe ya Tom akiumia? Ni koo la Hanna mwenyewe. Nayo yamefutwa.

Nakumbuka vibanda vya video, mtafsiri akituchambulia filamu za ngumi kwa Kiswahili. Yule alikuwa anatusaidia, maana Kichina tulikuwa hatukijui. Lakini hapa hakuna cha kutafsiri. Tom na Jerry ni nadra kuzungumza; muziki ndio unaosema mguu umekanyaga wapi na moyo umeruka lini.

Jioni niliitafuta filamu nzima, yenye sauti yake, nikakaa na mwanangu. Tulifika mwisho: Tom juu ya mlingoti, mbwa wamemzingira wanabweka, na Jerry katikati yao, kile kichwa amekivaa, naye anabweka.

“Baba, rudisha pale kichwa kinapotembea.”

Nilirudisha mara tatu.