Mkonga Juu, Nguvu Chini

Jamani, hebu mtu anieleze. Gari limeinuliwa mpaka bibi akitaka kupanda anaomba stuli. Limevikwa bampa la chuma kama geti la bohari, matairi yana meno ya msumeno, mkonga, lile bomba la kuvutia hewa ya injini, umepanda hadi usawa wa paa. Likiegeshwa sokoni, hata mbuzi wanapisha. Halafu linaingia lami, linafika pale mwinuko unapoanza kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu, na nyuma yake kuna Noah iliyojaza watu kumi na wawili inapiga honi: sogea mzee, tunachelewa mnada! Inapita. Konda anapunga mkono, tena kwa huruma.

Hiyo huruma ndiyo inayoudhi. Gari limekula pesa ya kiwanja, limekwenda kushindwa na gari la kubebea nyanya.

Kabla ya kumlaani fundi, tuongee injini. Hizi hardtop za Land Cruiser tunazoziita mkonga, nyingi zina 1HZ: dizeli, silinda sita, ujazo wa cc 4,164, haina turbo, ile feni ya kuisukumia injini hewa. Nguvu za farasi ni 130 hivi, torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ni nyutonimita 285, na torki hiyo hufika kileleni kwenye mizunguko 2,200 kwa dakika. Ni injini ya kuheshimika. Inakunywa dizeli yenye vumbi, inasahauliwa sevisi, inaamka asubuhi bila kununa. Lakini 130 ni 130. Hawazaani humo ndani. Kila unachokifunga kwenye gari kwa ajili ya porini, hao hao farasi 130 ndio watakaokilipia lami.

Tuanze na tairi, maana ndilo chanzo cha fitina zote. Chukua 265/75R16. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni asilimia ya upana huo inayokuwa kimo cha ubavu, ya mwisho ni rimu kwa inchi. Asilimia 75 ya 265 ni 198.75, mbavu ziko mbili, juu na chini, kwa hiyo 397.5, ongeza rimu 406.4. Jumla milimita 804. Sasa mheshimiwa anataka 315/75R16 kwa sababu kaiona kwenye picha, na amekwishaambiwa rimu zake nyembamba hazifai, anunue zisizopungua inchi 8. Hesabu ile ile inatoa milimita 879. Tofauti ni 75. Anafurahi! Lakini ekseli inakaa katikati ya gurudumu, si juu yake. Kati ya hizo 75, difu, lile bonge la meno lililo katikati ya ekseli, inainuka nusu tu: milimita 37. Vidole viwili. Vya mtoto wa shule.

Kwa vidole viwili hivyo umelipa nini? Tairi limekuwa kubwa kwa asilimia 9.3, na difu ya 4.10, yaani propela shafti inayotoka kwenye gia inazunguka mara 4.10 gurudumu likizunguka mara moja, sasa inafanya kazi kama 3.75. Ni kama mtu kaingia gereji usiku akakunyofolea meno. Chukua gia ya nne, ambayo haiongezi wala haipunguzi mizunguko ya injini, kwa mwendo wa 80. Kwa tairi la zamani injini ilizunguka kama mara 2,160 kwa dakika, yaani inakanyaga palepale torki ilipo. Kwa tairi jipya inazunguka 1,980. Imeshuka chini ya kilele chake, na mlima ndio kwanza unaanza. Unarudi gia ya tatu, injini inapiga kelele, wageni nyuma wanaulizana kama hilo ni jambo la kawaida. Gia ya tano? Hiyo sasa ni pambo, kama kabati la vyombo vya wageni.

Na breki nazo zimeguswa. Tairi refu lina wenzo mrefu dhidi ya diski ile ile, kwa hiyo mguu unakanyaga zaidi kupata kilekile. Hili hakuna anayelipigia picha.

Halafu kuna tochi ya trafiki ya kupimia mwendo. Kibao cha mwendo hakijui kwamba umebadili tairi, chenyewe kinahesabu mizunguko tu. Kikikuonyesha 50 kijijini, wewe unakwenda karibu 55. Unapita na roho safi, mikono miwili kwenye usukani, mkanda umefungwa, na yule askari chini ya mwembe anakuonyesha namba yake. Faini elfu thelathini. Unaapa kwa jina la marehemu babu kwamba ulikuwa hamsini, na babu wa watu hana hatia. Pima mwenyewe kabla hujapimwa: tafuta vibao viwili vya kilomita barabarani, shika 60 kwenye kibao cha mwendo, mwenzako ashike saa. Kilomita moja ichukue sekunde 60. Ikichukua 55, babu aachwe apumzike.

Kwa upande mwingine, wale wanaolia kwamba gari sasa linakunywa kupita kiasi, wapunguze kulia kidogo. Odomita nayo inapunja. Ikisema 100 umekwenda 109. Lita 15 unazozihesabu kwa kilomita 100 za odomita ni kama lita 13.7 za kweli. Ila na ile sevisi ya kila kilomita 5,000 unaifanya kwenye 5,465, kwa hiyo usishangilie sana.

Dawa ya ugonjwa huu si turbo. Dawa ni difu. Ukitaka kurudi ulikokuwa, zidisha 4.10 kwa 1.093: inahitajika 4.48. Meno ya 4.30 yanakurudishia nusu ya ulichopoteza. Ya 4.56, ukiyapata, yanarudisha yote na chenji. Ya 4.88 ni ya anayeshinda kwenye mawe. Lami atasikia injini tu, redio azime. Na usiambiwe "tubadilishe ya nyuma kwanza, ya mbele mwezi ujao." Mwezi ujao haufiki. Siku utakayoingiza four, magurudumu yote manne yavute, mbele na nyuma zitavutana kama wajane wawili wa marehemu mmoja, na kitakachokatika si kile cha bei rahisi.

Ukiuziwa difu, usiamini chaki iliyoandikwa ubavuni. Weka kigingi magurudumu ya mbele, gia huru, toa loki ya difu kama ipo, inua gurudumu moja tu la nyuma, lingine libaki chini. Chora alama kwenye propela shafti. Zungusha gurudumu lililo juu mara mbili kamili huku mtu akihesabu shafti. Ikizunguka mara nne na kidogo, hiyo ni 4.10. Ikizunguka nne na nusu na kidogo, ni 4.56. Ikikaribia tano, 4.88. Na meno mapya yasipelekwe safari siku hiyo hiyo: tembea kilomita 30 taratibu, simama yapoe, rudia, usivute mzigo, na oili ya kwanza imwagwe kwenye kilomita 800 hivi. Utaona inang'aa vumbi la chuma. Hiyo kwa mara ya kwanza ni kawaida. Mara ya pili ni msiba.

Mimi ukiniuliza, mtu mwenye akili timamu anaishia 285/75R16. Kimo chake ni milimita 834, ongezeko la asilimia 3.7, difu inabaki na ladha ya 3.95, na kibao kikisema 50 unakwenda 52. Lakini nani ananiuliza? Wanamuuliza yule wa picha.

Uzito sasa. Kwa makadirio ya kawaida tu: bampa la chuma kilo 65, winchi na waya wake 40, keria 40, hema la juu 60, friji na vilivyomo 45, betri ya pili 25, jeki ndefu ile ya kishujaa 13, maji lita 60 ni kilo 60, tairi la akiba la pili 45, madumu mawili ya dizeli 40. Hiyo ni kilo 433 na hajapanda mtu. Kwenye mlima wa asilimia 8 kwa mwendo wa 50, kila kilo 100 zinakula farasi mmoja na nusu. Maana yake farasi sita na ushee kazi yao ni kubeba vifaa vya kujinasua kwenye tope ambalo, kwa hali ya gari lilivyo zito, sasa ni lazima unase.

Na vitu vikae wapi? Bampa na winchi viko mbele ya ekseli, vinaning'inia puani, springi za mbele zinalala. Mtu anazibadilisha na ndefu zaidi, ekseli inabadilika mlalo, usukani unaanza kutangatanga barabarani kama anayetafuta nyumba ya kupanga. Hapo zinatakiwa bushi za kurekebisha pembe ya kasta, ule mlalo unaofanya usukani urudi katikati wenyewe, lakini fundi anasema "utazoea." Juu ya bampa kuna taa nne za duara kama sinia za harusi, zote zimekaa mbele ya rejeta. Hewa ipite wapi? Halafu mlimani mshale wa joto unapanda, lawama anapewa thamostati. Hamisha taa, na tope lililo katikati ya mapezi ya rejeta lioshe kwa maji ya presha ndogo kutokea upande wa injini kwenda nje, kwa sababu ukipiga kutokea mbele unalishindilia.

Keria tupu nayo usiidharau. Nguvu ya kusukuma hewa inapanda kwa kipeo cha tatu cha mwendo: kutoka 80 kwenda 100 inakaribia mara mbili. Hema lako linasafiri kama ukuta wa darasa. Likishuka na kukaa nyumbani mwezi usio wa safari, hakuna atakayelisengenya.

Halafu mwinuko wenyewe. Injini isiyo na turbo inakula hewa iliyopo. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko kama mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na pale hewa imepungua kwa kama moja ya tano. Kwa hiyo kati ya farasi 130, kama 26 wamebaki Dar es Salaam wanakula upepo wa bahari. Waliofika ni 104, na ndio wenye kubeba friji.

Mkonga je? Hauongezi hata farasi mmoja, ni pua ya kupumulia juu ya maji na vumbi, basi. Tena nyingi zimefungwa kwa ajili ya picha. Jaribu: injini ikiwa inaunguruma taratibu, ziba mdomo wa mkonga kwa kitu bapa kigumu kisichoweza kuvutwa ndani. Injini inatakiwa ikohoe izime. Ikiendelea kuunguruma kwa furaha, inavuta hewa kwingine, kwenye kiungo cha boksi la chujio au kitundu cha kutolea maji, na siku ya mto itavuta maji huko huko.

Turbo nimeiacha hapa makusudi, kwa sababu wengine wanaanzia nayo. Ukweli usemwe, mlimani ndiko inakong'ara, inarudisha ile hewa iliyobaki pwani. Lakini 1HZ ilizaliwa bila turbo: mgandamizo wake ni zaidi ya 22 kwa moja, na dizeli yake huwakia kwanza kwenye kijichumba kilichomo ndani ya silinda hedi. Kijichumba hicho kikizidiwa joto, hedi inapasuka jirani yake. Presha ibaki kwenye psi 7 hadi 10, na kipima joto la moshi kifungwe kabla ya turbo. Kikikaribia nyuzi 700 za Selsiasi, ondoa mguu hata kama Noah inapita. Fundi anayeingiza bisibisi kwenye pampu ya mafuta mpaka moshi uwe mweusi tii anakuuzia masizi. Na ile klachi ya kiwandani nayo itakuja kudai chake.

Mambo madogo sitayasimulia sana. Ukitoka mchangani na psi 20, jaza upepo kabla ya lami, ubavu usiive. Four ya part-time, ile ya kuingiza na kutoa mwenyewe, lami kavu, toa. Habu za mbele, vile vifungio vinavyounganisha gurudumu na shafti yake, fungua.

Nimalizie na tairi la tano. Watu wananunua manne makubwa, la akiba wanaliacha lile la zamani, kwa sababu hela imeishia kwenye rimu, au wananunua kubwa na kulitundika mlango wa nyuma mpaka bawaba zinapasuka. Sasa la nyuma kushoto limepasuka saa mbili usiku. Ukiweka dogo nyuma, lenyewe linazunguka zaidi ya mwenzake kwa asilimia 9 muda wote, meno ya ndani ya difu yanasagana bila kupumzika mpaka oili iungue. Unatakiwa uhamishe kubwa la mbele lije nyuma, dogo likae mbele, habu zifunguliwe, uende pole pole. Yaani jeki mara mbili. Na jeki ya kiwandani, kwa zile milimita 37 zako za fahari, inaishia hewani haijaigusa ekseli. Inataka gogo chini yake. Porini yamejaa magogo. Ila hapa ni lami ya Makuyuni, nyasi tupu, na gogo pekee la karibu kalifunga nyuma ya kiti mtu wa bodaboda, ambaye naye alikupita pale mlimani.